Usitupe mbachao kwa seva mpya

Katika familia nyingi za mijini zinazoendesha biashara, kuna kompyuta moja isiyoruhusiwa kuzimwa. Haichezewi michezo wala haitazamiwi filamu. Iko nyuma ya kaunta au chini ya meza katika kiofisi cha ghorofani, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi, nayo feni yake hunguruma mchana kutwa na usiku kucha. Mtoto akiikaribia huonywa mara moja: "Hiyo usiiguse, ndiyo yenye biashara."

Na kweli ndiyo yenye biashara. Ndani yake mna majina ya wateja na madeni yao, bei za bidhaa, malipo ya M-Pesa, mishahara ya wafanyakazi na hesabu za ushuru za miaka kadhaa. Karo ya watoto hutoka humo. Kodi ya nyumba hutoka humo.

Siku huja kompyuta hiyo ikazeeka. Stima ikiyumba kidogo inazima, na kuiwasha tena ni kazi ya nusu saa. Fundi anasema vipuri vyake havipatikani. Au inatumia programu ya zamani kama vile Windows Server 2012, ambayo Microsoft iliacha kuwatolea wateja wa kawaida marekebisho ya usalama mnamo Oktoba 10, 2023. Hapana budi biashara ihamishiwe kwenye mtambo mpya, uwe wa kununua au wa kukodi kupitia intaneti.

Hapo ndipo mtu mmoja pale nyumbani husema: "Kwani huyu mtoto wetu hasomei kompyuta chuoni? Aje Jumamosi aihamishe, tusipoteze pesa kwa mafundi."

Mpenzi msomaji, makala ya leo ni ya mzazi huyo na mtoto huyo. Sikusudii kumkatisha tamaa yeyote kati yao. Kazi hii inawezekana, na vijana wengi wanaiweza. Lakini familia nyingi hudhani kwamba kuhama ni kunakili tu, yaani kuchukua kilichoko huku na kukitia kule. La hasha! Kunakili ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba kilichofika ni kile kile kilichoondoka, na kuacha njia ya kurudi iwapo mambo yatakwenda kombo.

KARANI NA LEJA

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Keshia akitaka kujua bei ya mfuko wa saruji, kompyuta yake huiuliza seva, nayo seva hujibu. Ndani ya seva mna vitu viwili vinavyotuhusu leo. Cha kwanza ni programu ya biashara, ambayo tunaweza kuilinganisha na karani. Cha pili ni hifadhidata, na hiyo ndiyo leja yake, mahali ambapo kila kitu huandikwa.

Karani akiondoka utaajiri mwingine. Programu ikiharibika utainunua tena au utaipata kwa aliyeiunda. Leja nayo haiuzwi dukani. Ikipotea, hakuna mtu duniani awezaye kukuambia ni nani alichukua mabati 40 kwa mkopo mwezi uliopita, isipokuwa yeye mwenyewe aliyeyachukua. Je, una hakika atakuja kukukumbusha?

Leja hii ina tabia moja ambayo wanafunzi huijua darasani na kuisahau dukani. Huandikwa wakati wote. Ukizinakili faili za hifadhidata huku keshia akiendelea kuuza, ni kama kupiga picha kurasa za leja huku karani akiandika. Ukurasa wa kwanza utauonyesha kabla ya mauzo na ukurasa wa mwisho baada ya mauzo, na jumla zake hazitalingana. Ndiyo sababu hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL huwa na zana zake maalumu za kutolea nakala iliyo kamili. Tumia hizo, au ifunge hifadhidata kabisa kabla ya kugusa faili zake.

YALIYOIFIKA BENKI YA TSB

Iwapo kuna anayedhani kwamba haya ni mambo ya maduka madogo, na atazame kisa cha benki ya TSB ya Uingereza.

Mnamo mwaka wa 2015 benki hiyo ilinunuliwa na Sabadell ya Uhispania. Lakini kumbukumbu zake zilibaki katika mitambo ya Lloyds, benki iliyokuwa ikiimiliki awali, na TSB ilikuwa ikiilipa Lloyds kwa kuitumia. Wamiliki wapya wakaamua kujenga mtambo wao. Mwishoni mwa juma la Aprili 20 hadi 22, 2018, kumbukumbu za wateja wapatao milioni 5.2 zikahamishwa karibu zote kwa mkupuo mmoja.

Cha kushangaza ni kwamba kumbukumbu zenyewe zilifika salama. Lililoshindwa ni mtambo uliozipokea. Huduma zilipofunguliwa wateja walijitosa kwa wingi na mtambo ukalemewa. Wateja wanaofikia milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao kupitia intaneti, na wengine walijikuta wakitazama akaunti za watu wasiowajua. Mambo hayakurudi kuwa ya kawaida hadi Desemba mwaka huo. Kufikia mwisho wa mwaka hasara ilikuwa pauni milioni 330, na wateja wapatao 80,000 walikuwa wamehamia benki nyingine. Afisa mkuu mtendaji, Paul Pester, aliondoka Septemba. Mnamo Desemba 2022 wasimamizi wa benki nchini humo waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65, mbali na fidia ya pauni milioni 32.7 iliyokuwa imewalipa wateja.

Kulikuwa na kosa gani? Mawakili wa Slaughter and May walioajiriwa kuchunguza walitoa ripoti yao Novemba 2019. Miongoni mwa mambo waliyogundua ni kwamba mtambo mpya ulikuwa na vituo viwili vilivyopaswa kufanya kazi pamoja, lakini majaribio ya kupima kama vingestahimili wingi wa wateja yalifanywa katika kituo kimoja tu. Na vituo hivyo havikuwa vimepangwa sawasawa.

Kisha Aprili 2023, aliyekuwa mkuu wa teknolojia katika benki hiyo alitozwa faini ya pauni 81,620, yeye binafsi, kwa sababu hakuhakikisha ipasavyo kwamba kampuni iliyopewa kazi ya kuuendesha mtambo ilikuwa tayari kweli. Kuambiwa "tuko tayari" hakukutosha. Hata wewe, fundi wako au mwanao akisema yuko tayari, muulize: umejuaje?

Hata hapa kwetu kuhama kwa namna hii si kugeni. Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, mitambo yake haikuwa humu nchini. Ni Aprili 2015 ambapo Safaricom iliihamisha kutoka Ujerumani hadi Kenya. Wateja walitangaziwa mapema kwamba huduma ingesimama kwa muda mwishoni mwa juma. Hilo nalo ni funzo. Mwenye kuhama huwatangazia majirani, hawaachi wakigonga mlango wa nyumba tupu.

NAKALA ISIYOJARIBIWA

Mwulize mwenye biashara yeyote kama ana nakala ya akiba, naye atakujibu kwamba anayo. Mwulize ni lini mara ya mwisho aliifungua akaona kilichomo. Hapo utaona akikuna kichwa.

Kampuni ya GitLab, ambayo huwatunzia waunda programu kazi zao, ilijifunza jambo hili hadharani. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja alikuwa akihangaika na hifadhidata iliyokataa kunakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine. Kwa uchovu akafuta data katika seva isiyo ndiyo. Kati ya gigabaiti zipatazo 300, alipositisha amri yake zilikuwa zimebaki 4.5.

Walipozikimbilia nakala zao za akiba, walikuta kwamba kati ya njia tano walizokuwa wakitegemea, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Njia mojawapo ilikuwa imeshindwa kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe. Barua pepe za kuonya juu ya hitilafu hiyo zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa njiani na hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya tukio, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita ikapotea.

Ikiwa wataalamu waliobobea waliweza kupatwa na haya, sisi wa duka moja na kijana mmoja tutasalimika vipi? Kwa kufanya jambo moja dogo ambalo wengi hulikwepa. Chukua nakala, iweke katika kompyuta nyingine kabisa, kisha ifungue. Tafuta mteja unayemjua. Tafuta risiti ya jana. Ukiviona, hiyo ni nakala. Usipoviona, hiyo ni faili tu.

Nakala hiyo isikae mahali pamoja na seva. Iwe nyingine katika diski ya pembeni, na nyingine nje ya jengo. Wezi wakivunja duka hawatakuachia diski kwa kuwa imeandikwa "akiba".

MAZOEZI KABLA YA SIKU YENYEWE

Hakuna timu inayoingia uwanjani bila mazoezi. Kuhamisha biashara nako kunataka angalau zoezi moja kamili. Ichukue nakala, iweke kwenye seva mpya, isimamishe programu juu yake, na uitumie huku seva kuukuu ikiendelea na kazi yake kama kawaida. Hakuna mteja atakayejua.

Zoezi hilo litakufunza mambo mawili. La kwanza ni muda. Ukiona kwamba kunakili pekee kunachukua saa tano, utajua mapema kwamba huwezi kuanza saa nne usiku na kufungua duka saa moja asubuhi ukiwa umemaliza na kukagua. La pili ni vitu vinavyosahaulika, maana katika kila uhamisho kuna kijiko kinachobaki nyuma ya jiko. Hivi ndivyo husahaulika sana:

Mosi, watumiaji na ruhusa zao. Mara nyingi nakala ya hifadhidata huja na data bila majina ya watumiaji na maneno yao ya siri. Asubuhi keshia hawezi kuingia. Kijana mwenye haraka humpa kila mtu ruhusa zote ili kazi iendelee, na kuanzia siku hiyo kila mfanyakazi anaweza kufuta deni la rafiki yake.

Pili, kazi za usiku. Seva kuukuu huenda ilikuwa ikichukua nakala kila siku saa nane usiku, au ikiwatumia wadeni ujumbe kila Ijumaa. Kazi hizo ziko nje ya hifadhidata, na hazitakuja zenyewe.

Tatu, malipo ya M-Pesa. Biashara nyingi zenye nambari ya Paybill au Till zimeunganisha programu zao na Safaricom, hivi kwamba mteja akilipa, taarifa hutumwa moja kwa moja kwenye anwani ya seva. Ukihama bila kuibadilisha anwani hiyo, pesa zitaingia katika akaunti lakini kwenye leja mteja ataonekana bado anadaiwa. Hebu fikiri kumdai mtu deni alilolipa jana, tena mbele ya watu!

Nne, majina yetu. Hifadhidata za zamani na mpya huenda zikatofautiana katika namna ya kuhifadhi herufi. Waandikao Kikuyu kwa alama zake kamili, kwa mfano Wanjikũ au Mũthoni, wanaweza kukuta ile ũ imegeuka alama ya kuuliza. Jina lililoharibika hivyo haliwezi kutafutwa, na asiyetafutika hadaiwi.

Tano, saa. Seva nyingi za kukodi hufuata saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Chukua duka la dawa lisilofungwa usiku. Dawa iliyouzwa saa saba usiku, Machi 1, itaandikwa kuwa iliuzwa saa nne usiku, Februari 28. Mauzo ya mwezi huu yataangukia mwezi uliopita. Wale wanaowasilisha hesabu za VAT kufikia tarehe 20 ya kila mwezi wanajua maumivu ya takwimu zisizolingana.

AJUAYE BIASHARA NDIYE AKAGUAYE

Sasa nafika pale ambapo familia nyingi hukosea. Kijana akimaliza kuhamisha, huifungua programu, akaona ukurasa wa kwanza umetokea, akatabasamu na kusema, "Mama, tayari." Mama naye, kwa kuwa hakusomea kompyuta, hutikisa kichwa na kumshukuru.

Mama, usishukuru bado! Wewe ndiwe mkaguzi. Mwanao anajua seva, lakini hajui kwamba yule mwanakandarasi wa Ruiru huchukua bidhaa kwa bei ya jumla na kulipa kila mwisho wa mwezi. Hajui kwamba kuna mteja aliyerudisha rangi makopo sita na bado ana salio lake. Wewe unayajua hayo, na kompyuta mpya sharti ikujibu vivyo hivyo.

Basi kabla ya siku yenyewe, chapisha kutoka seva kuukuu mambo machache: idadi ya wateja wote, jumla ya madeni yote hadi senti ya mwisho, nambari ya risiti ya mwisho, idadi ya bidhaa ghalani, na ripoti ya mauzo ya mwezi uliopita. Baada ya kuhama, chapisha yale yale kutoka seva mpya. Ziweke karatasi hizo mbili kando kwa kando. Zikitofautiana kwa shilingi moja, usiseme ni shilingi moja tu. Iulize imetoka wapi.

Kisha chagua wateja kumi unaowajua kwa kichwa na uwakague mmoja mmoja. Toa risiti ya majaribio, pokea malipo ya nusu, rudisha bidhaa, toa punguzo. Ukimaliza waite makeshia wote, kila mmoja aketi mahali pake, na wauze bidhaa za kubuni wote kwa wakati mmoja kwa muda wa nusu saa. Mtambo unaomhudumia mtu mmoja vizuri huenda ukazimia mbele ya watano. Kumbuka yaliyoifika TSB.

Majaribio yakiisha, yafuteni yote, au bora zaidi, ichukueni upya nakala halisi siku ya kuhama. Msije mkalipia ushuru bidhaa za kubuni.

USIKU WA KUHAMA

Chagua siku kwa busara. Usihame mwisho wa mwezi, wala tarehe 19 hesabu za VAT zikisubiri. Mwenye kuuza sare za shule asihame Januari. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili huwafaa wengi, kwani mkikwama mna siku nzima ya kurekebisha.

Jambo la kwanza usiku huo ni kuizuia seva kuukuu isiandike tena. Isomeke tu, isiandikike. Hili ni muhimu hasa kwa wenye matawi mawili au matatu. Kompyuta hukumbuka anwani ya seva kwa muda fulani, kama mtu aliyekariri nambari ya simu ya zamani ya rafiki yake. Baada ya kubadilisha anwani, tawi la Kayole laweza kuwa linaandika kwenye seva mpya huku lile la Ruiru likiendelea na ya zamani. Kufikia adhuhuri mtakuwa na leja mbili, zote za kweli na zote pungufu, na kuziunganisha ni kazi ya majuma. Ndiyo maana mafundi makini hupunguza muda huo wa kukumbuka anwani siku moja au mbili kabla ya kuhama.

La pili, wekeni saa ya kurudi. Kubalianeni mapema, na muandike kwenye karatasi: ikifika saa kumi alfajiri na hesabu hazijalingana, tunarudi kwenye seva kuukuu na kujaribu tena juma lijalo. Saa hiyo isiwekwe usiku wenyewe, kwa maana mtu aliyechoka daima huona kwamba amebakisha dakika kumi tu.

Kwa nini saa hiyo ni muhimu hivyo? Kwa sababu kuna mlango mmoja unaojifunga nyuma yenu. Kabla ya mteja wa kwanza wa asubuhi, kurudi ni rahisi, kwani leja zote mbili ziko sawa. Akishauziwa bidhaa kwenye seva mpya, kurudi kwenye ile ya zamani ni kuyapoteza mauzo yake, au kuyaandika tena kwa mkono. Wakifika wateja mia moja, hamna tena pa kurudi. Siku hiyo ya kwanza tunzeni nakala za risiti zote za karatasi. Daftari la kawaida na kalamu vikae kando ya kila keshia.

MBACHAO BADO NI WAKO

Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mkeka mkuukuu umeshauketia miaka na unajua umechanika wapi. Huu mpya huujui.

Basi seva mpya ikishaanza kazi, msiwe na pupa ya kuiuza ile ya zamani wala kumpa binamu aitumie kwa masomo. Izimeni, iwekeni mahali pakavu penye kufuli, na muingoje angalau mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza upite, mishahara ilipwe na hesabu za ushuru ziwasilishwe kutoka mtambo mpya bila kasoro. Kuna mambo hufanyika mara moja kwa mwezi tu, na hitilafu zake hazionekani mpaka siku yake ifike.

Hata baada ya hapo sheria ina neno lake. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 hutaka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka mitano, kwa hivyo hakikisheni miaka ya nyuma nayo ilihama. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiangalii kama seva ni mpya au ni chakavu. Majina ya wateja wako, nambari zao za simu na za vitambulisho ni amana. Data hizo zikiangukia mikononi mwa watu wasiohusika na wateja wakawa hatarini, unatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Siku ya kuiondoa kompyuta hiyo, diski yake ifutwe kwa programu maalumu au ivunjwe kabisa. Kubonyeza "futa" hakuondoi kitu. Ni kama kulichana jedwali la yaliyomo na kuziacha kurasa zote za kitabu.

NENO KWA MWANA NA MZAZI

Nawe mwanafunzi, ukiombwa kazi hii nyumbani, usiikubali kwa sababu ya kuona haya kukataa. Uliza maswali. Andika hatua zako zote kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu. Ukifika mahali usipopajua, sema hupajui. Hakuna aibu katika neno hilo. Na usiku wa manane, kabla ya kubonyeza amri yoyote ya kufuta, soma jina la seva uliyomo, tena kwa sauti. Yule mhandisi wa GitLab alikuwa na ujuzi tele, na bado uchovu ulimshinda.

Nawe mzazi, mlipe mwanao kama ambavyo ungemlipa mgeni. Kazi ya bure haidaiwi makosa yake, na kosa la mwana kwa mali ya familia lina uchungu wa aina yake. Nimesikia nyumba ambamo watu hawasemezani kwa sababu ya leja iliyopotea. Ukiona biashara imekuwa kubwa kuliko uwezo wake, tafuta mtaalamu na umwache kijana awe msaidizi, maana hapo atajifunza zaidi kuliko muhula mzima wa darasani. Maneno ya siri ya seva mpya yasibaki kichwani mwa fundi wala mwana. Yaandikwe, yatiwe ndani ya bahasha, na bahasha ikae pamoja na hatimiliki ya shamba.

Kisha, karatasi zile mbili zikilingana hadi senti ya mwisho, jiwekeeni sahihi zenu chini, mama na mwana, mpitie chai kabla jua halijachomoza. Mteja atakayeingia saa moja asubuhi kununua misumari kilo mbili hatajua kwamba usiku kucha duka zima lilikuwa likihama. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.